Niliiharibu Kompyuta ya Binti Yangu Nikitaka Kumfurahisha

Shangazi Helka,

Nakuandikia nikiwa nimekaa sakafuni jikoni, mgongo nimeuegemeza kwenye friji, na mbele yangu kuna kompyuta ya binti yangu imefunuliwa ubavu na inatokwa jasho. Ni maji ya kweli, matone yanateremka kwenye bati lake kama chupa ya bia iliyotoka kwenye barafu siku ya jua, na mimi naogopa kuigusa na naogopa kuiacha, basi nimeona afadhali nikuandikie wewe ninayekusoma kila Alhamisi nikinywa kahawa kazini, maana mtu pekee niliyemwambia habari hii amenishauri niseme uongo, na kibaya zaidi ni kwamba uongo wenyewe nimeshaanza kuusema.

Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na moja, naendesha greda la kusafisha theluji hapa Kajaani, na wakati wa kiangazi naendesha chochote chenye magurudumu nitakachopewa. Mimi na mama wa Saimi, huyo binti yangu, tuliachana miaka minne iliyopita, hatukurushiana vyombo, tulichokana tu, na tangu hapo mtoto anakaa wiki moja kwangu na wiki moja kwa mama yake, Päivikki, ambaye sasa anaishi na bwana mmoja anaitwa Harri. Huyo Harri, nikisema kweli, hana ubaya wowote, na hilo ndilo linaloniuma, maana angekuwa na ubaya ningepumzika.

Saimi ana miaka kumi na sita. Kompyuta yake inakaa kwangu kwa sababu Harri ana usingizi mwepesi na feni za mashine huvuma, na mimi usingizi wangu ni wa gogo, basi katika mambo yote hilo ndilo nililomshinda Harri. Saimi aliiunda mwenyewe, kipande baada ya kipande, kwa pesa za kuchuma beri msituni viangazi viwili, na mimi nilidhani ni ya michezo ya kupigana bunduki kama ya watoto wengine, kumbe sivyo. Mchezo wake ni kuifanya hiyo kompyuta iende kasi kuliko alivyopanga aliyeitengeneza. Nimeshaelewa sasa, nimechelewa lakini nimeelewa: kuna prosesa, ndiyo inayopiga hesabu zote, na kuna ubao mkubwa ambao prosesa imekaa juu yake pamoja na kila kitu kingine, wanauita bodi mama, na ndani ya hiyo bodi kuna ukurasa wa mipangilio unaoweza kuufungua kabla kompyuta haijaamka vizuri, na humo ndimo unapoiambia prosesa iongeze mwendo na bodi iiongezee umeme. Kiwandani huwa wanabakiza nafasi kwa ajili ya usalama, na akina Saimi wanaila hiyo nafasi, hatua kwa hatua, huku wakipigana na joto, kwa sababu mwendo ukizidi joto nalo linazidi. Wanakutana kwenye kumbi za michezo, wasichana, wavulana na wazee wenye ndevu, kila mmoja na mashine yake, wanashindana nani atafika mbali kabla mashine haijaganda.

Msimu wa vuli uliopita alijaribu kunieleza haya tukiwa mezani. Alieleza kwa mikono, uso umemng'aa, na mimi nilikuwa nimetoka zamu, nikamwambia, "Lori ukilikanyaga kupita uwezo wake injini inakufa. Kwa nini hiyo isife?" Akaniangalia kidogo, akasema, "Sawa, baba," akaendelea kula. Tangu siku hiyo hajanieleza kitu tena. Ananisalimu vizuri, anaosha vyombo, anasema shule ni nzuri, chakula ni kitamu, kila kitu ni sawa, na mlango wa chumba chake unafungwa polepole kabisa ili usinikere. Shangazi, laiti angekuwa anaubamiza.

Sasa wiki hii ni likizo ya majira ya baridi, na Päivikki na Harri wamempeleka Tenerife kwenye jua. Mimi nimebaki na theluji. Alipokuwa anaondoka aliniomba jambo moja tu, nipanguse vumbi kwenye feni kwa ile brashi laini, basi, na nisiguse kingine. Nikapangusa. Halafu nikakaa kwenye kiti chake, nikaona wiki ni ndefu, nikawaza kwamba akirudi anikute na kitu cha kuzungumza, nimwambie mwanangu, nimesoma, nimejaribu, najua unachokifanya. Nikatafuta mtandaoni maelezo ya watu wanaoanza, nikayasoma kwa kidole mstari kwa mstari kama mtoto wa darasa la kwanza, na kila mahali walisema jambo lilelile, panda hatua moja, pima, angalia joto, subiri, ndipo upande nyingine.

Nikafanya hivyo. Niliongeza mwendo hatua moja, kompyuta ikaamka, nikaiendeshea ile programu ya kuichosha prosesa, nikakaa naangalia joto linapanda, linapanda, halafu linatulia. Haikuganda. Nilisimama nikaizunguka meza peke yangu. Nikaongeza hatua nyingine, ikakubali tena, na hapo nikaelewa kitu ambacho Saimi alikuwa anataka kunipa siku ile mezani nikakikataa, ile raha ya kusikia mashine inakukubalia. Ningeishia hapo, shangazi, leo ningekuwa baba mwenye bahati.

Lakini simu ikatoa mlio, picha kutoka Tenerife, Saimi na Harri wamevaa miwani ya kuzamia, wanacheka, Harri ameshika samaki wa plastiki. Sikukasirika, nilicheka na mimi. Halafu nikarudi kwenye ule ukurasa wa mipangilio nikataka nimtumie na mimi picha, picha ya namba kubwa kuliko ile aliyowahi kuifikia yeye, nikaziruka hatua zote za katikati, nikapandisha mwendo kwa pupa na umeme nikaujaza nisijue ninajaza nini, nikabonyeza kuhifadhi. Skrini ikawa nyeusi. Feni zikazunguka, zikasimama, zikazunguka, zikasimama, na mimi nikasikia harufu ya moto, au nilidhani naisikia, sijui.

Nikachomoa waya. Nikafungua ubavu. Na kwa kuwa nilikuwa nimesoma kwamba kuna watu huku kaskazini wanaoweka mashine zao nje ya nyumba ili baridi izipoze, nikaibeba mzimamzima nikaiweka kwenye roshani, nje kuna baridi ya nyuzi ishirini chini ya sifuri, nikasema ipoe kwanza nifikiri. Kabla sijafikiri nikaitwa kazini, theluji imeanza kumwagika na barabara ya hospitali inazibika, nikaondoka. Karakanani nilimweleza Kauko, mwenzangu wa zamu, yeye ana watoto watatu na anajiona profesa wa malezi. Akasema, "Wewe dereva wa theluji, umefuata nini kwenye ubongo wa mashine?" Halafu akanionea huruma, akaniambia jambo ni jepesi, ninunue prosesa na bodi za aina ileile, nichomeke, mtoto hatajua kitu, na ikishindikana niseme umeme wa mtaa mzima ulipiga shoti.

Niliporudi sikuwa na ubavu hata wa kuchungulia roshani. Leo asubuhi ndiyo nimeiingiza ndani, na nilikuwa hata sijaitua sakafuni, simu ikalia, ni Saimi, na yeye hanipigii, shangazi, yeye hutuma maandishi. Sauti yake ilikuwa juu. Akanisimulia bahari, akaniambia amepata nafasi kwenye mashindano ya Pasaka kule Jyväskylä, kisha akasema, "Baba, kama huna zamu, ungetupeleka, mimi na wenzangu? Unaweza kubaki kuangalia ukitaka. Kama hutachoka." Nikasema nitawapeleka na nitabaki. Akauliza, "Na mashine? Umeipangusa?" Nikaangalia yale maji yanaanza kutokea kwenye bati, nikasema, "Iko salama."

Ndiyo maana niko sakafuni. Anarudi Jumapili. Nikimwambia ukweli, Jyväskylä imekufa na mlango ule utaendelea kufungwa polepole mpaka ahame kabisa. Nikinunua vipya kimyakimya kama anavyosema Kauko, nampeleka, nakaa jukwaani, namwona anafurahi, na mimi nimebeba siri. Siri moja tu. Niambie, shangazi, baba mwema anafanya lipi, na nifanye haraka gani na haya maji?

Raimo, Kajaani

*

Raimo,

Kwanza, toka sakafuni. Una miaka hamsini na moja na sakafu za Machi zinajulikana.

Pili, hiyo mashine usiiwashe. Usiiwashe kuona kama itawaka, usiiwashe kidogo tu, usiguse hata kitufe. Hakikisha waya umechomolewa, iache wazi chumbani, mbali na sinki, na usiisogeze kwenye kipasha joto wala usiipulizie mashine ya kukaushia nywele, maana najua ulikuwa unaiwaza. Kitu kilicholala kwenye baridi kikiletwa ndani lazima kitoe maji, hata miwani yangu hufanya hivyo nikiingia dukani. Ikauke yenyewe mpaka mwenyewe arudi. Wale uliosoma kwamba wanaweka mashine zao nje wanajua namna ya kuzikinga na unyevu, na hawaziingizi jikoni kwa pupa.

Mimi si fundi. Kwa hiyo nilipoisoma barua yako nilimpigia rafiki yangu Tuija, anayefundisha kompyuta kwenye chuo cha ufundi na ambaye hupenda kuniambia ukweli kuhusu kila kitu, ikiwemo mitindo yangu ya nywele. Alicheka mpaka nikaiweka simu mbali na sikio. Halafu akasema hivi: ile skrini nyeusi na feni kuwaka na kuzima si lazima iwe kifo. Mara nyingi ni bodi inakataa. Umeipa maagizo isiyoyaweza, inajaribu, inashindwa, inajaribu tena. Kwenye hiyo bodi kuna betri ya duara, bapa, kama ya saa. Ukiitoa kwa dakika chache mashine ikiwa haina umeme, kisha ukairudisha, bodi inasahau yote uliyoiambia na inarudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Hiyo ndiyo habari njema. Habari isiyo njema ni kwamba umeme mwingi kwenye prosesa unaweza kuidhuru, na maji nayo si rafiki wa bodi, kwa hiyo Tuija hakuahidi kitu na mimi sikuahidi.

Nakuona umeshaanza kutafuta bisibisi. Iweke chini. Betri hiyo hutaitoa wewe.

Sikia, Raimo, nimekaa kwenye ukurasa huu miaka mingi, nimesoma barua za wanaume wengi wanaotaka kurekebisha kitu kabla mtu hajaingia mlangoni. Wewe ukiitoa betri leo, mashine ikaamka, utafanya nini? Utaifuta, utaifunga ubavu, utasema "iko salama" mara ya pili, na safari hii utakuwa karibu unasema kweli. Utajipongeza. Na yule mtoto atakaa kwenye kiti chake asijue kwamba baba yake alisoma kwa kidole, alizunguka meza kwa furaha, alifika hatua ya pili na mashine ikamkubalia. Utamficha kosa, na pamoja na kosa utamficha jambo zuri kuliko yote uliyomfanyia tangu vuli. Hukuliona hilo? Nililiona mara ya kwanza nikisoma, na nilikuwa natafuna andazi.

Na huyo Kauko mwambie aendelee na watoto wake watatu. Prosesa mbili za jina moja, anasema Tuija, si kitu kimoja. Moja huenda mbali kwa umeme kidogo, nyingine ni nzito, inapata moto upesi, na mtu aliyekaa na yake miezi mingi anaijua tabia yake kama wewe unavyolijua greda lako. Hebu fikiri wakubadilishie greda kwa lingine la rangi ileile, namba ileile. Utachukua muda gani kujua? Saimi atajua jioni ya kwanza. Halafu atajua mambo mawili: kwamba uliiharibu, na kwamba ulimwona mjinga.

Sasa tuje kwa Harri na samaki wake wa plastiki. Unasema hukukasirika. Sawa, nakubali. Lakini mpaka ile picha inaingia ulikuwa unafanya kila kitu kama ulivyoelekezwa, na baada ya ile picha ukaziruka hatua zote. Ulitaka namba kubwa umtumie mtoto likizoni. Mtoto hakukuomba namba, Raimo. Namba anazo. Siku ile mezani alitaka umsikilize, na leo amekupigia simu mwenyewe kukuomba ukae jukwaani, na bado unafikiri uko kwenye mbio na mtu aliyelala kwenye jua. Hakuna mbio. Acha.

Kwa hiyo utafanya hivi. Utampigia leo, usisubiri kesho, na usimtumie maandishi. Utamwomba atoke nje kidogo mahali pasipo na watu, na utamwambia ulichofanya kwa utaratibu uleule ulionieleza mimi, mpaka maji na mpaka ule uongo wa asubuhi. Usimweleze upweke wako. Usimwambie unavyoumia, maana ataanza kukufariji wewe na hasira yake ataimeza, na hasira hiyo ni haki yake. Usiahidi kununua kitu chochote kabla hajasema anataka nini. Akinyamaza, nyamaza nawe. Akikata simu, usimpigie mara kumi, ngoja. Kuhusu Jyväskylä, muulize kama bado anataka uende, na akisema hapana, mpeleke mpaka mlangoni, mwachie, kanywe kahawa mahali.

Na akirudi, mwache aifungue mwenyewe, ajaribu mwenyewe. Wewe shika taa.

Jambo la mwisho, kwa sababu naona ladha umeshaionja na hutaiacha. Ukitaka kujifunza, tafuta mashine yako, hata kuukuu, isiyo na mtu anayeikeshea. Uliza kwanza kama prosesa yake na bodi yake zinaruhusu kuongezwa mwendo, maana nyingi haziruhusu na utahangaika bure. Safisha feni, ujue joto lake la kawaida kabla hujagusa lolote. Ongeza mwendo hatua moja, uichoshe muda mrefu, uangalie joto. Usibadilishe mambo mawili kwa pamoja, kwa sababu ikiganda hutajua lipi limeigandisha. Umeme uwe wa mwisho kuguswa, na uguswe kidogo sana. Ikikataa, rudi hatua moja nyuma na uridhike hapo. Tuija anasema wanafunzi wake wengi wanajua yote isipokuwa hilo la kuridhika.

Simu iko karibu nawe, najua, kwa sababu umeniandikia nayo. Piga.

Helka

*

Jibu hilo nilimpelekea Raimo siku ileile, halikuwa la kungoja Alhamisi. Yeye na Saimi wamekubali nilichapishe, na pamoja nalo hii aliyoniandikia wiki mbili baadaye. Sijaigusa, nimepunguza tu mahali alipokuwa ananisifu.

Shangazi Helka, nilipiga. Nilisema yote nikiwa nimesimama. Nilipomaliza nilisikia tu upepo wa bahari na watoto wa watu wanapiga kelele. Halafu akauliza, "Umeme uliweka ngapi?" Nikamtajia. Akasema, "Baba." Akanyamaza. "Hata mimi sijawahi kuthubutu." Sikujua kama ni lawama au nini, nikafuata ulichosema, nikanyamaza nami. Akauliza kabla ya hapo nilikuwa nimefika wapi bila kuganda, nikamwambia, akauliza joto lilikuwaje, nikamwambia, nilikuwa nakumbuka kila kitu. Kisha akasema, "Usiiguse," akakata.

Jumapili alirudi ameiva kwa jua na hakunisalimu. Päivikki alimshusha mlangoni, akaniangalia usoni, akauliza kama kuna mtu amekufa, nikamwambia bado hatujui. Tulikula makaroni ya oveni. Safari hii mlango aliubamiza, na mimi nilibaki nimekaa mbele ya sahani naona aibu kwamba nimefurahi. Baada ya muda akafungua akasema, "Yule shangazi wa gazeti amesema ushike taa. Njoo ushike." Nilikuwa nimemwonyesha barua yako, shangazi, nilimtumia akiwa uwanja wa ndege, sikuona sababu ya kuficha tena.

Alikagua kila pembe, akatoa betri, tukakaa tunaiangalia imelala mezani kama kifungo cha koti. Hapo ndipo akalia kidogo. Akaniambia hakuwa analilia kompyuta, ila aliposikia nasema "iko salama" alikuwa ameniamini, akakaa kule ufukweni anajisikia vizuri kwa nusu siku nzima kwa jambo ambalo halikuwepo. Nikamwambia nimeelewa. Akajifuta kwa mkono wa fulana, akarudisha betri, akachomeka waya, akabonyeza.

Feni zilizunguka. Hazikusimama. Skrini ilichelewa, ikachelewa, nikashika ukingo wa meza, halafu ikawaka. Si nzima, usidhani. Sehemu moja ya kuchomeka vibao vya kumbukumbu haifanyi kazi tena, na prosesa yenyewe haifiki kule ilikokuwa inafika zamani, kila akiipeleka inaganda. Alijaribu siku tatu kisha akaniambia bila kuzungukazunguka, "Umeizeesha." Niliuliza kama ninunue nyingine. Alifikiri, akasema atasema mwenyewe akitaka, lakini Jyväskylä ataenda na hii, kwa sababu sasa hakuna anayejua mwisho wake uko wapi, hata yeye, na ataanza kuutafuta upya kutoka chini. Amesema pia niende, nikae jukwaani, na nisiongee na mwenzake yeyote kuhusu malori.

Siku hizi jioni ninapotoka zamu tunaifanyia kazi. Yeye anapanga, mimi nasoma joto kwa sauti, kila mara namba inapobadilika, na kazi hiyo inafaa mtu aliyezoea kuangalia mbele bila kusinzia. Kauko anasema nimeajiriwa bure. Juzi Päivikki alipiga simu katikati ya jaribio, joto lilikuwa limefika mahali pabaya na sote tumeinama kwenye skrini, na Saimi akapokea akasema, "Mama, nitakupigia baadaye. Niko kazini na baba."